Mpango wa Ghorofa Kumi na Moja

Nilikuwa mtu wa kwanza kutoka upande wetu wa Karatu kushuka ghorofa kumi na nne nikiwa nimefungwa kitambaa machoni. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu wapo wanaodhani stashahada yangu niliipata kwa kukaa darasani na kunakili ubaoni. Huko Bulgaria, kwenye chuo cha hoteli, mwalimu wetu wa usalama alikuwa mzimamoto mstaafu mwenye sikio moja lililoungua. Alitupandisha kwa lifti mpaka juu kabisa, akatufunga macho, akasema, "Shukeni. Ndani ya moshi hakuna anayeona." Wenzangu wawili walikaa kitako kwenye ngazi wakaomba wafunguliwe. Mimi nilifika chini, nikamtajia idadi ya vidato vyote nilivyokanyaga. Alinipa mkono mbele ya darasa zima.

Sikuzaliwa kwenye ngazi. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, na ada ya shule niliitafuta mwenyewe, nikipandisha magunia ya vitunguu kutoka Baray kwa punda wa watu. Baadaye niliosha vyombo kwenye lodge moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na huko ndiko nilikojifunza Kiingereza, kwa kusoma maandishi ya kwenye makopo. Nilifanya mtihani wa ufadhili nikapita. Hakuna aliyenishika mkono. Mjomba niliyekuwa naye, kaka wa mama kutoka Endamarariek, alikuwa mlinzi wa lodge hiyohiyo, na msaada wake mkubwa ulikuwa kunicheka.

Niliporudi nchini nilitegemea kupelekwa Dar es Salaam. Nikapewa barua ya kuripoti Ngorongoro, kwenye lodge ileile nilikooshea vyombo. Cheo kilikuwa kizuri, Mkuu wa Usalama na Huduma kwa Wageni, lakini jengo lenyewe halikuwa na hata kidato kimoja. Vyumba vyote vilikuwa vya chini, vimepangwa mstari mmoja kwenye ukingo. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, wageni walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na meneja aliigawa sukari mwenyewe kwa kijiko. Nami, niliyeweza kuongoza watu mia tatu kutoka kwenye moshi, nikawa nakagua kama milango ya mabafu inafunga.

Sikutulia. Wenye akili zao hukaa kwenye viti, mimi nilitembea. Nilitoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho, nikageuka, nikarudi, nikijifanya kila chumba ni ghorofa. Hapa ya tatu, hapa ya nne, hapa ngazi ya dharura. Mjomba aliniona siku moja, amejifunika blanketi lake, fimbo mkononi, akaita kwa sauti ili na wapishi wasikie:

"Jamani, njooni mwone! Mpwa wangu anapanda ghorofa bila kuinua mguu!"

"Mzee," nikamwambia, "kazini mimi siyo mpwa."

"Shikamoo, Bwana Diploma," akasema, naye ni mkubwa kwangu kwa miaka thelathini. Wapishi wakacheka mpaka wakaacha ugali uungue.

Ndipo ikaja barua ya makao makuu. Shirika letu lilikuwa linajenga hoteli ya ghorofa kumi na moja mjini Dar es Salaam. Kila aliyesomea kazi hii aliombwa aandike mpango wa ulinzi wa hoteli hiyo na usalama wa wageni wake. Mpango utakaochaguliwa, mwandishi wake ndiye atakayekuwa mkuu wa usalama wa hoteli nzima. Tena barua ilieleza kwamba, kwa kuwa lodge za huku juu zilikuwa nusu tupu, wafanyakazi wengi wa hoteli mpya wangetoka kwetu.

Nilisoma barua hiyo nikiwa nimesimama, na sidhani kama niliketi tena kwa mwezi mzima. Niliandika mpango wa kurasa arobaini kwa taipureta ya meneja. Niseme ukweli, ulikuwa mzuri, na hata leo sijaona mzuri kuuzidi. Niliandika kwamba lifti zisimame chini mara kengele inapolia, kwa sababu mtu mwenye hofu hukimbilia lifti. Wazee, wagonjwa na wenye watoto walale ghorofa za chini, ambako ngazi ya gari la zimamoto inafika. Milango ya ngazi za dharura ijifunge yenyewe kuzuia moshi, lakini isifungwe kwa ufunguo hata siku moja, hata kama meneja anaogopa wezi wa mashuka. Kila ghorofa iwe na mtu mmoja mwenye orodha ya waliolala humo. Mapokezi wasitamke namba ya chumba kwa sauti. Na kengele ikilia, watu wote watoke nje, wakusanyike mahali palipowekewa alama, wahesabiwe.

Mkurugenzi akajibu kwamba mpango umempendeza. Lakini alitaka kuona zoezi kwa macho yake, kwenye lodge yetu, na wafanyakazi walewale atakaowahamisha. Zoezi likienda vizuri, nafasi ni yangu. Nilianza kuaga watu kabla hajafika.

Sasa lazima nieleze kengele yetu. Mbele ya jiko ilining'inia ringi ya gurudumu la lori, na kando yake nondo ya kuigongea. Ringi hiyo ilikuwa na kazi moja tu. Nyati au chui akionekana bustanini, mlinzi huigonga, na kila mtu huingia ndani ya mlango ulio karibu naye na kuupiga komeo. Walinzi tu ndio wanaobaki nje. Komeo halifunguliwi mpaka ringi igongwe tena mara mbili. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo. Ilitoka majumbani kwetu, tangu enzi ambazo babu zetu walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima kwa hofu ya wezi wa ng'ombe. Yowe likisikika, mama na watoto ndani, gogo nyuma ya mlango, wanaume nje. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Lakini nilikuwa nimetoka Ulaya, na nikaiona sheria hiyo ni ya kienyeji.

Nikaitisha mkutano wa wafanyakazi.

"Kuanzia Jumatatu," nikasema, "ringi ikigongwa, mnatoka. Hakuna kujificha. Mnawachukua wageni, mnawaleta uwanjani kwenye kibao. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Bwana," wakaitikia wote.

Mjomba akanyoosha fimbo. "Na nyati je?"

"Nyati hayumo kwenye mpango huu."

"Ameambiwa?"

Wakacheka. Nikawaacha wacheke. Nilikwishapaka rangi kibao chenye maneno KITUO CHA KUKUSANYIKA, nikakisimika kwenye majani upande wa barabara, na katika kila chumba nikaweka kadi ya Kiingereza yenye maelekezo.

Siku ya zoezi kulipambazuka na ukungu. Anayeujua ukingo wa kreta anaujua ukungu wa miezi ile. Unaingia ndani ya mifuko ya koti, na mtu akinyoosha mkono havioni vidole vyake. Meneja alisema tuahirishe. Nikamjibu kwamba ukungu ni zawadi, ndio moshi wenyewe, bila gharama. Mkurugenzi alikuwa amelala hapo usiku, na saa mbili na nusu alikuwa ameketi na meneja kwenye chumba cha kulia, upande wa kreta, anakunywa chai na kutazama weupe mtupu dirishani. Wageni walikuwa saba. Mimi nilisimama peke yangu kwenye kibao changu, saa mkononi, karatasi za majina kwapani. Nikainua sauti nikampa mpishi amri. Ringi ikalia.

Nilisikia miguu. Miguu mingi, inakimbia upesi na bila kelele, kama nilivyoandika. Halafu nikasikia milango inafungwa, mmoja baada ya mwingine, na makomeo: ta, ta, ta, ta. Kisha kimya.

Hakuna aliyekuja. Nikatazama saa. Mwishowe wakajitokeza watu wawili, mzee Mjerumani na mkewe, wamevaa nguo za kulalia na makoti juu, mzee ameshika kadi yangu. Walikuwa wameisoma vizuri, wakaitii. Nikaanza kuwapongeza kwa Kiingereza, na katikati ya sentensi nikasikia nyuma ya kibao mtu anang'oa majani. Nikasema moyoni, huyo mtunza bustani, leo siyo siku yake. Kisha mtunza bustani akapumua.

Alikuwa dume mzee, aliyefukuzwa kwenye kundi, matope yamemkaukia mgongoni. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona umande kwenye nyusi zake. Mama wa Kijerumani akakamata koti langu, kifungo kikakatika. Nikawavuta nyuma, tukarudi kinyumenyume mpaka ukutani, nikaugusa mlango wa kwanza. Umefungwa. Nikagonga taratibu.

"Fungua!"

"Nani?" Ilikuwa sauti ya msichana wa vyumbani, naye wa Endamarariek.

"Mimi! Mkuu wa Usalama!"

"Ringi imelia."

"Najua imelia! Nimeiamuru mimi!"

"Basi ngoja igongwe mara mbili, Bwana. Ndani tuna wageni."

"Dada, kuna nyati hapa!"

"Ndiyo maana tumefunga," akasema.

Mjomba alitokea ndani ya ukungu kama mtu anayetoka kuchota maji. Hakukimbia. Alipita mbele yetu, akasimama kati yetu na yule mnyama, akamsemesha kwa Kiiraqw kwa sauti ya chini, maneno ambayo mtu huwaambia ng'ombe wanaochelewa kuingia zizini. Bila kugeuza kichwa, kwa sauti ileile, akamwambia msichana afungue. Komeo likatoka papo hapo. Tuliingia. Nyati alipiga chafya, akaendelea kula majani kuzunguka kibao changu.

Ringi ilipogongwa mara mbili, nilikwenda chumba cha kulia nikiwa tayari kufukuzwa. Mkurugenzi alikuwa amesimama, anapiga makofi.

"Hongera, ndugu! Hata dakika mbili hazikuisha. Nimeona mwenyewe, wahudumu wamewashika wageni mikono, hakuna kelele, hakuna anayegongana na mwenzake. Hawa nawachukua wote!"

Alikuwa ameona watu wakipita barazani, karibu kabisa na kioo, wakiingia vyumbani, akadhani wanatokea upande wa pili. Upande wa uwanja hakuuona kabisa. Meneja alijua. Alinikanyaga kiatu chini ya meza. Mkurugenzi akasema ataondoka saa nne na mpango wangu, na barua ya uteuzi itafika kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilikuwa na saa moja na nusu. Nilitembea. Chumba cha kwanza mpaka cha mwisho, nageuka, narudi. Nilikwenda kumwomba radhi mama wa Kijerumani, nikamkuta amejifunika mablanketi mawili. Mumewe alinipa mkono akasema zoezi lilikuwa la kweli kabisa, hata mnyama tulimleta. Nikatoka nikamkuta Mjomba anakausha blanketi lake kwenye moto wa jikoni.

"Mpwa, tulia. Unanitia kizunguzungu."

"Waliniambia wameelewa, Mjomba. Wote."

"Walielewa. Masikio yalielewa. Sasa nenda kauambie mguu."

"Mkurugenzi hajui kitu."

"Basi hajui. Mimi sitasema, meneja hatasema, na nyati hajaenda shule. Nenda zako Dar, kaa kwenye ghorofa lako, utuletee sukari."

Ningeweza. Nataka msomaji aelewe kwamba ningeweza, na kwamba nilistahili nafasi hiyo kuliko mtu yeyote aliyekuwa nchini wakati ule. Lakini nilipogeuka tena kwenye chumba cha mwisho, ambacho kwenye mchezo wangu kilikuwa ghorofa ya tisa, niliisikia ile milango. Ta, ta, ta. Nikaona moshi unapanda kutoka jiko la chini mjini Dar, kengele inalia, na msichana wa Endamarariek anawakusanya wageni wake kwa upendo, anawaingiza chumbani, anapiga komeo, anasubiri igongwe mara mbili. Angesubiri kwa uaminifu mpaka mwisho. Na juu ya mpango ule pangekuwa na jina langu.

Gari lilikuwa limekwisha kuwashwa. Mkoba wenye mpango wangu ulikuwa mapajani mwa Mkurugenzi. Nikashika dirisha.

"Ndugu Mkurugenzi, zoezi halikufaulu."

"Unasemaje?"

Nikamweleza. Ringi, makomeo, Wajerumani, nyati. Dereva akazima injini ili asikie vizuri. Nilipofika kwenye chafya alicheka, kisha akamwona bosi wake akanyamaza.

"Kwa nini unaniambia?" akauliza Mkurugenzi. "Mimi nilikuwa nimekwisha ridhika."

"Kwa sababu unawapeleka hawa. Kengele ikilia watajifungia na wageni."

"Si utawaambia wasijifungie?"

"Niliwaambia."

Alifungua mkoba, akautoa mpango, akaupima mkononi kama mtu anayenunua nyama. "Kwa hiyo mpango huu una kosa."

"Moja," nikasema. Hata wakati ule sikuweza kusema zaidi ya hapo.

"Kosa moja la kuwafungia watu ndani." Akanirudishia kurasa zangu dirishani. "Nafasi nitampa mtu mwingine. Kuna polisi mstaafu, hana stashahada lakini hana mbwembwe. Wewe rekebisha hilo kosa lako, halafu unifundishie hawa watu mpaka miguu yao ijue. Nikiridhika, mpango tutautumia."

"Kwa jina langu?"

Dereva akawasha gari.

Nilikasirika wiki nzima. Nilimkasirikia Mkurugenzi, meneja, mpishi, hata ukungu. Kisha nikakaa kwenye taipureta, maana mikono ilikataa kukaa bure, nikaandika upya. Niliandika kwamba sauti ya moto isifanane na chuma chochote walichowahi kukisikia. Iwe king'ora kinachozungushwa kwa mkono, kinacholia kama mnyama asiyekuwepo. Niliandika kwamba milango ya ndani isiwe na komeo, kwa sababu mkono wenye hofu hulitafuta. Na niliandika kwamba mfanyakazi asifundishwe kwa maneno. Afundishwe kwa ngazi.

Ngazi zilikuwa Karatu. Misheni walikuwa na nyumba ya ghorofa moja, ya kulala wageni wao, nao walituruhusu kuitumia mchana. Niliwashusha wafanyakazi kwa kundi kila wiki, nikawapandisha, nikazungusha king'ora, nikawateremsha. Siku ya kwanza wanne walikaa kitako kwenye ngazi. Wapita njia waliokuwa wanakwenda mnadani walisimama uzioni wakatuuliza kama tunafundishwa kutembea. Niliwajibu kwamba ndiyo, na kwamba wao pia wangefaidika.

Tulihitaji mgeni wa kuokolewa. Mjomba alijitolea, na sijawahi kuona mzungu mgumu kama yeye. Siku ya mwisho, kabla ya kundi la kwanza kupanda basi la kwenda Dar, nilisimama juu dirishani na king'ora, na msichana yule wa komeo ndiye aliyekuwa zamu. Nikazungusha. Mjomba alikuwa amelala kitandani na viatu.

"Mimi ni mzungu," akamwambia. "Goti linauma. Siendi popote."

"Utakwenda, mzee."

"Nimelipia kitanda!"

"Utalala mwingine." Akamvuta mkono, akamtoa, akamteremsha, Mjomba akilalamika kila kidato kwa Kiingereza chake cha bustanini. Nilimwona msichana anafika kwenye mlango wa chini. Mkono wake ukapapasa ubao pale ambapo komeo lingekuwepo, ukapapasa tena, kisha akausukuma kwa bega, wakatoka wote wawili kwenye jua. Nikatazama saa. Muda ulikuwa mzuri. Nadhani hata mzimamoto wangu angemkubali.

Lakini hakubaki kwenye kituo. Alimketisha Mjomba kwenye majani, akageuka, akaanza kurudi mlangoni mbio. Nikainama dirishani nikampigia kelele.

"Wewe! Ukishatoka hakuna kurudi! Nimesema mara ngapi?"

"Kuna mtu amebaki juu, Bwana!"

"Nani? Vyumba vyote ni vitupu!"

Alisimama, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua, akanitazama.

"Si wewe hapo?" akasema.

Mjomba alijitupa chali kwa kicheko. Nikauacha mkono wa king'ora ujizungukie wenyewe mpaka uchoke, nikashuka.